Mashairi ya Fundi

Mtaani walimwita Shemasi, ingawa hakuwahi kusimikwa. Alikuwa mtu wa kanisa kwelikweli, Biblia anaijua nje ndani, na hata mumewe alimwita hivyo alipotaka kumtania.

Mumewe alikuwa fundi makochi. Kutwa nzima alishika misumari midogo kwa midomo, kwa hiyo maneno yake yalikuwa machache. Lakini kila asubuhi, kabla ya kuanza kazi, alifungua kitabu cha mashairi akasoma ubeti mmoja kwa sauti ya chini, akiuzungusha mdomoni kama mtu anayeonja mchuzi. Kisha alifumba macho na kuomba.

Na Fundi akiomba, watu hulia. Kikundi cha maombi kilipokutana sebuleni kwao, yeye ndiye aliyeombwa kufunga kwa sala. Akiomba Shemasi, watu walikohoa na kuanza kutafuta viatu vyao kwa miguu.

Jambo hilo lilimkaa rohoni. Siku moja akasema, "Mume wangu, muda huo wa mashairi si ungesoma Neno?"

"Nikishasoma shairi, Neno linashuka vizuri zaidi," Fundi akacheka. "Kwani Zaburi ni nini, Shemasi?"

Swali hilo likamuuma zaidi.

Walipohama nyumba, yeye ndiye aliyefunga vyombo. Vile vitabu vitatu vya mashairi, vimechakaa hadi majalada yanang'oka, alivisukumiza kwenye mfuko wa nguo kuukuu, akaupeleka kanisani kwenye misaada. Fundi alipouliza, alimjibu bila kumtazama, "Labda vimepotea kwenye kuhama." Fundi alipekua maboksi yote, akakung'uta hata magodoro. Mwishowe akasema, "Basi, si kitu."

Kumbe kilikuwa kitu. Polepole sala zake zilikauka. Aliomba bado, lakini kama mtu anayetaja vipimo vya mbao. Shemasi aliona, akajifanya haoni. Kikundi kikaanza kumwomba yeye afunge. Alichokitamani alikipata, na hakikuwa na ladha.

Kisha mama yake Shemasi akalazwa. Walipokwenda kumwona wodini, mgonjwa alimtafuta mkwewe kwa macho. "Mwanangu, niombee. Ile sala yako."

Fundi akamshika mkono. "Bwana, tunakuomba umponye mama yetu." Akatafuta la kuongeza, hakulipata. "Amina."

Mama akafumbua macho. "Ndiyo hiyo tu, baba?"

"Leo imegoma, mama. Nisamehe."

"Haya. Hata hiyo itafika," akasema, akageukia ukutani.

Alifariki juma hilohilo. Watu wakaja kumpa Shemasi pole, na kila pole ilimchoma kama sindano. Matanga yalipokwisha, alikwenda kanisani kwa mtunza stoo kuulizia ule mfuko wenye vitabu. Ulikuwa umegawiwa zamani.

"Vitabu vilikuwa vyako?" mtunza stoo akauliza.

"Vya mume wangu."

"Mungu ambariki. Wachache wanaotoa kwa moyo kama huo."

Shemasi alitoka pale, akanyoosha moja kwa moja hadi karakana. Fundi alikuwa akivuta kitambaa kwenye mgongo wa kochi.

"Vitabu vyako havikupotea. Nilivitoa mimi."

Fundi akatema misumari kiganjani. "Kwa sababu ya Neno?"

Angeweza kuitikia tu, mambo yakaisha. "Nilijidanganya hivyo," akasema. "Nilikuonea wivu. Kwako walilia, kwangu walikohoa."

Fundi akakaa chini, palepale sakafuni. "Nilidhani Mungu ameniacha," akasema taratibu. "Muda wote huo nimekuwa nikijichunguza, nimemkosea wapi. Mama ananiomba sala kama aombaye chakula, nami mwenyewe nina njaa, nikajua ni dhambi yangu."

Hilo Shemasi hakuwa amelifikiria hata kidogo. Angemtukana ingekuwa nafuu. Alipiga magoti akaomba msamaha, na Fundi akasema, "Nimesikia." Jioni ile hakugusa chakula.

Shemasi alizunguka kwa wauza vitabu vikuukuu hadi akapata kitabu kingine cha mashairi, akakiweka kwenye meza ya karakana. Hakikuguswa. Kikaota vumbi la sponji. Asubuhi moja akashindwa kuvumilia, akavuta kigoda, akakifungua mwenyewe na kuanza kusoma kwa sauti, mbiombio kama anayesoma matangazo ya kanisa:

*Sina neno la kusema, nisome humu moyoni;*
*Umenijua mapema, kabla ya neno kinywani.*

Akarudia, na safari hii neno moja likamsimamisha. Nisome. Miaka yote alikuwa akimsoma Mungu, sura baada ya sura, hata siku moja hajawaza kwamba naye anasomwa. Ule mfuko. Ule uongo. Yale macho ya mama yaliyogeukia ukutani. Vyote vilikwisha kusomwa. Machozi yakamshuka, wala hapakuwa na kikundi cha kuyaona.

"Usikimbie," Fundi akasema kutoka nyuma ya kochi, bila kuinua kichwa. "Hapo katikati ya mstari pana pumziko. Vuta pumzi kwanza."

Shemasi akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akavuta pumzi, akasoma tena. Fundi hakusema amina, wala hakuja kukaa karibu naye.

"Ubeti unaofuata," alisema tu.

Shemasi akafunua ukurasa.