Shavu la Kuniomi

Kuniomi Tatewaki alikuwa amebakiwa na shavu moja tu la kusemea. Ugonjwa wa misuli ulimwanzia vidoleni, ukapanda mikononi, ukashuka miguuni, hatimaye ukamnyang'anya sauti na pumzi. Sasa alilala chumba cha mbele, nyumbani kwake katika mji wa Himeji, mashine ikimpumulia. Mkewe Setsuyo humbandika kitufe shavuni kila asubuhi, akishamnyoa ndevu. Kwenye skrini ya kompyuta kuukuu mwanga ulitembea herufi hadi herufi. Ukifika kwenye ile aitakayo, Kuniomi hukaza shavu, nayo ikaandikwa.

Watu wa hospitali walikuwa wamemletea kompyuta mpya, akaikataa. Mwendo wa mwanga ule alikuwa ameuzoea kama mtu anavyozoea ngazi za kwake gizani.

Majira ya mvua yalipoingia, diski ya kompyuta ikafa. Setsuyo akamwita Orito, aliyefanya kazi kiwanda kimoja na mumewe tangu ujana wao. Orito akaing'oa diski, akafunga mahali pake kifaa kidogo chenye memori kadi, kinachoidanganya kompyuta kwamba diski bado ipo. Kadi yenyewe Setsuyo aliichomoa kwenye kamera yake, na Orito akanakilia humo yote aliyoweza kuyaokoa kwenye diski ya zamani.

Kompyuta ikawaka. Lakini kila Kuniomi alipochagua herufi, iliganda ikitafuta maneno kwenye kadi, kisha mwanga ukachomoka ghafla na kumwacha. Sentensi moja ikala asubuhi nzima.

"Usiogope, shemeji," Orito alisema. "Ni kadi tu inavuta miguu."

"Basi ikimbize. Jana alihangaika mpaka machozi yakamtoka, na mimi hata sijui alitaka kusema nini."

Orito akaanza kulisaka kosa. Alibadilisha waya, hali ikawa ileile. Akaichomeka kadi kwenye kompyuta yake ya mkononi, ikasoma upesi bila shida. Akairudisha, ikajikokota tena. Kwenye skrini, kwa taabu, maneno yakajitokeza: FUNDI GOIGOI.

"Mwone huyu!" Orito aliangua kicheko. "Umelala kama gogo, lakini ulimi wako bado wembe!"

Setsuyo naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze.

Jumapili iliyofuata Orito aliingia hata viatu hajavipanga vizuri mlangoni. "Shemeji, zile picha za kwenye kadi, ulizifuta zote?"

"Nilifuta mbaya. Nzuri niliziacha. Zile za ziwani, alipokuwa bado anasimama."

"Ndiyo hiyo! Diski yote imejiandika vipande vipande kwenye mapengo ya picha ulizofuta. Kompyuta ikitaka neno moja, kifaa kinazunguka kuokota makombo."

Alizihamisha picha za ziwani, akaifuta kadi yote, akaiandaa upya, kisha akanakili diski ikiwa kipande kimoja kisichokatika. Alipowasha, mwanga ulitembea sawasawa, mwendo wake wa miaka yote.

"Haya," Orito alimwambia rafiki yake, "nitukane sasa!"

Mwanga ulipita. Shavu likatetemeka, lakini mwanga ulikuwa umeshafika mbele. Ukarudi, ukapita tena. Herufi moja iliandikwa, isiyo na maana. Orito akakisafisha kitufe, akakisogeza, akakaza waya. Setsuyo hakuwa akitazama skrini. Alikuwa ameinama juu ya kitanda, akilitazama shavu.

"Bwana Orito, acha."

"Subiri kidogo, labda kitufe..."

"Acha, nakwambia. Si kompyuta. Ni yeye."

Orito alikaa chini sakafuni, bisibisi mkononi. Wiki zote hizo walikuwa wakiilaumu kadi, na nyuma yake shavu lilikuwa likifa polepole bila mtu kuliona. Setsuyo alijisikia mjinga, kisha akaona aibu kwamba anajifikiria yeye.

Orito akaupunguza mwendo wa mwanga mpaka haukupungua tena. Alasiri nzima Kuniomi aliandika neno moja: JOTO. Setsuyo akamwondolea blanketi, akafungua dirisha, akampangusa paji la uso.

"Kuna lingine, mume wangu?"

Walingoja. Mwanga ulitembea mpaka ikafika saa ya kumlisha kwa mpira wa tumboni.

Majani hayajaanza kupukutika, shavu likanyamaza kabisa. Macho nayo hayakugeuka tena. Orito hakuacha kuja Jumapili, akimsimulia nani kastaafu kiwandani na nani kazikwa. Siku moja alikatiza hadithi katikati.

"Anasikia kweli?"

"Daktari anasema anasikia kila kitu."

"Basi sijui kama nifurahi, shemeji."

Setsuyo alilikunja blanketi pembeni. Saa ya kumgeuza mumewe ubavu wa pili ilikuwa imefika. Alipitisha mikono chini ya mabega yake, na Orito akainuka kumshika miguu.