Filamu za Vita Sizisimulii

Mimi ni mtu wa sinema, na mtaa wetu wote wa Mutsamudu unalijua hilo. Mwaka ule wa 1977, kila alasiri nilifungua dirisha la kichochoroni, majirani wakaja niwasimulie filamu nilizoziona nilipokuwa nikiishi Majunga, Madagaska. Za huzuni ndizo nizipendazo, ingawa mgonjwa wake huwa na pumzi ya kuhutubia ukoo mzima kabla ya kukata roho. Za roketi nazidharau. Watu wamefika kwenye nyota, lakini hakuna hata mmoja anayepika!

Za vita sizisimulii. Mume wangu Mmadi aliuawa Majunga Desemba iliyotangulia, Wakomoro walipovamiwa. Ndani ya filamu za vita watu huanguka kimya. Kule Majunga nilisikia watu wakiitana majina, kila upande majina tu. Aliyenipokea nilipofika Moroni ni mdogo wangu Ibouroi, karani, akanilaza kwake wiki tatu nikipiga mayowe usingizini. Kwa hiyo anajua kuliko mtu yeyote kwa nini za vita sizigusi.

Alhamisi moja vijana watatu wa Kamati ya mapinduzi waliingia kwangu bila hodi. Kiongozi wao alikuwa Chamsidine wa Ouani, kijana wa miaka ishirini hivi, mwenye bunduki aliyoishika kama mwiko.

"Ndugu yako Ibouroi ameiba daftari la serikali huko Moroni," alisema. "Tumeambiwa anakuja leo. Bandarini tumemkosa."

Walimkosa kwa sababu hawakuujua uso wake. Lakini la daftari lilikuwa kweli. Serikali ilipoamuru makaratasi ya ofisi yake yachomwe moto, Ibouroi alificha daftari la vizazi chini ya shati. Alinitumia salamu kwamba ataleta "vizazi vya watu" ndani ya kikapu. Niliposikia neno daftari, nikaelewa ni vizazi gani.

"Sijui lolote," nilisema.

"Basi tutamsubiri pamoja, mama. Fungua dirisha ukae mahali pako usimulie, kama kila siku. Akikuta pamefungwa atashtuka."

Majirani walipowaona wale vijana walirudi makwao. Nikabaki na wasikilizaji watatu, wamekaa sakafuni chini ya dirisha wasionekane. Mmoja aliomba ya roketi. Nilianza, lakini roketi ilikataa kuruka. Nilikuwa nakiangalia kichochoro. Kila anayetoka bandarini hupita pale, na mlango wangu uko hatua kumi mbele.

Ndipo wazo likanijia. Ibouroi akinisikia nasimulia vita, atajua kuna jambo. Atapita moja kwa moja kama mpagazi yeyote anayerudi kwake, na hakuna atakayemtambua.

"Hii ya roketi upuuzi mtupu," nikasema. "Ngoja niwape ya vita."

"Hiyo ndiyo filamu!" Chamsidine akachangamka.

Nilisimulia kwa sauti ya juu. Daraja, askari, nyumba zinawaka. Nilijitanda vizuri shiromani yangu, vazi la wanawake wa kwetu, na moshi niliousimulia ulikuwa wa Majunga, mimi sijui mwingine. Niliendelea.

Mara nikamwona kwenye kona. Amekonda, kikapu begani. Alisimama, akasikiliza.

"Waliokuwa na akili," nikapaza sauti, "walikimbia!"

Ibouroi aligeuka akarudi alikotoka. Niliuona mgongo wake ukipotea, nikamshukuru Mungu kimoyomoyo mpaka nikasahau jina la jemadari.

"Endelea, mama," alisema Chamsidine.

"Wakaingia mjini," nikasema. Sasa sauti ilikuwa ikitoka vizuri, hata nilianza kutia chumvi.

Kisha nikasikia miguu ya mtu anayekimbia. Alikuwa Ibouroi, bila kikapu, anakuja upande wetu.

"Dada! Dada Zaitoun!" Mlango ukagonga ukuta.

"Sikujui wewe!" nikapiga kelele. "Umekosea nyumba, toka!"

Hakutoka. Alinishika mabega, akanitazama uso na mikono kama anayetafuta damu. Wale vijana hata hakuwaona.

"Nimesikia unasimulia vita," alisema huku akihema. "Nikajua wanakuumiza. Ningekuachaje, dada?"

Nilikuwa nimefikiria kila kitu isipokuwa hilo. Wiki zote zile nililia mbele yake, na nikadhani alichojifunza ni kukimbia.

Chamsidine alisimama taratibu. Walimfunga mikono kwa shiromani yangu. Walimuuliza daftari, akasema halijui, wakampiga kofi, akasema tena halijui. Wakamtoa.

Mlangoni Chamsidine aligeuka, akaniuliza ile filamu iliishaje. Alitaka kujua kweli. Nilikuwa namwita Ibouroi kwa jina, na niliendelea kumwita mpaka walipokata kona ya bandarini.