Gitaa Bila Waya

Candida alirudi kutoka gengeni akamkuta mumewe amechuchumaa mbele ya jiko, anakoroga sufuria la wali kwa mwiko. Alifurahi, maana haikuwa kawaida yake. Alipochungulia ndani hakuona wali. Nyuzi nne nene za gitaa zilikuwa zimejikunja kwenye maji ya kahawia kama utumbo wa mbuzi.

"Baba Skola! Sufuria langu!"

"Nitalisugua."

"Utalisugua nini? Si tunakula humu?"

"Zikichemka zinatoa jasho," Leodegar alisema bila kugeuka. "Jasho la vidole, mafuta, uchafu wa miaka miwili. Uzi uliokufa unafufuka. Hauwi mpya, lakini unafufuka."

Nyuzi mpya alikuwa amezitafuta wiki nzima. Alifanya kazi Kariakoo, kwenye duka la vitenge la Bwana Suud, na kila mchana alipopewa nafasi ya kwenda kula alizunguka maduka ya vyombo vya muziki akiwa na njaa yake. Kila alipoingia alionyeshwa nyuzi za gitaa la solo. Akisema anataka za besi, muuzaji anamwambia chukua hizi tu, nyuzi ni nyuzi. Kwa hiyo akachemsha za zamani.

Haraka yote ilikuwa ni kurekodi. Kwaya ya kigango chao pale Buguruni ilikuwa imeimba miaka kumi na saba bila kurekodi hata wimbo mmoja, na sasa ilikuwa imepata studio. Nyimbo tisa. Leodegar alikuwa amepiga besi katika kwaya hiyo kwa miaka kumi na moja, tangu alipokuja kutoka Mbinga, na katika miaka hiyo hakuwahi kusikia mtu akimwambia kwamba leo besi ilikuwa nzuri. Hakulalamika. Wapiga besi wanajua hilo. Watu humsifu mwimbaji, humsifu mpiga kinanda, na mpiga besi humtazama siku amekosea. Lakini wimbo uliorekodiwa ni kitu kingine. Unaweza kuurudia. Unaweza kuweka kidole hewani na kusema: hapo, sikiliza hapo.

Gitaa lenyewe lilikuwa limechoka. Joto la chumba cha bati lilikuwa limelipinda shingo, kiasi kwamba nyuzi za juu zilikwaruza na za chini zilinyanyuka mpaka vidole vikawaka moto. Halafu kulikuwa na mvumo. Ukichomeka tu waya kwenye amplifaya, kabla hujagusa uzi, unasikia uuuu kama nyuki kwenye mzinga. Ukishika chuma unapungua. Ukiachia unarudi.

Akalipeleka mtaa wa Gerezani kwa Sadalla, fundi redio. Sadalla alilifungua, akalipuliza vumbi, akachomea lehemu upya kila kiungo, akabandika ndani karatasi ya fedha ile ya kufungia chakula, ili izuie mawimbi ya umeme. Shingo akainyoosha kidogo kidogo kwa spana ya baiskeli, siku tatu mfululizo, kwa kuogopa isije ikavunjika. Siku ya mwisho walichomeka wakasikiliza wote wawili wakiwa wameinamisha vichwa.

"Upo," Leodegar alisema.

"Upo, lakini kwa mbali. Ukipiga hausikiki."

"Ukipiga hausikiki," Leodegar alirudia, na akaamua kuamini.

Walirekodi Jumamosi asubuhi, kwenye chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani. Kijana wa mitambo aliitwa Beno. Alikuwa mpole, mwenye heshima. Alichomeka gitaa moja kwa moja kwenye mashine, akavaa vipokea sauti, akakunja uso. Akabadilisha waya. Akakunja uso tena.

"Mzee, kuna kitu kinavuma."

"Nikipiga hakisikiki."

"Sawa. Nitasafisha baadaye, usiwe na wasi."

Leodegar akapiga. Wimbo wa sita ulikuwa wa komunyo, wa taratibu, na kabla ya kiitikio cha mwisho palikuwa na nafasi ya pumzi mbili ambayo kwa miaka yote aliijaza kwa noti moja tu, kwa sababu hakuwahi kujua aijaze na nini kingine. Siku ile vidole vilishuka vyenyewe mpaka chini kabisa, vikakaa kidogo, halafu vikapanda noti tano na kufika juu sekunde ileile sauti zilipoingia. Allen, mpiga kinanda, kijana aliyefundishwa muziki seminarini, aligeuka akamtazama.

Basi Leodegar akaishi na noti zile tano wiki sita nzima. Alizipiga mdomoni dukani huku akipima vitenge. Bwana Suud alimuuliza kama ameoa mke wa pili.

Nyimbo zilitumwa kwenye kundi la kwaya la WhatsApp siku ya Alhamisi, saa tano asubuhi. Leodegar alivaa vipokea sauti akajibanza nyuma ya marobota. Hakuanza na wimbo wa kwanza. Alifungua wa sita.

Besi ilikuwa safi. Nzito, ya mviringo, haina mvumo hata chembe. Kwa muda alidhani Beno ni fundi wa ajabu. Halafu ikafika ile nafasi kabla ya kiitikio cha mwisho, na besi ikakaa kwenye noti moja. Noti moja, pumzi mbili, kiitikio kikaingia.

Akairudisha. Akasikiliza tena. Safari ya tatu akaelewa kwamba hata noti zilizotangulia hazikuwa zake. Yeye huvuta uzi kwa kuchelewa kidogo, ni tabia ya kidole chake cha kati. Hii haikuchelewa popote.

Alimpigia Allen.

"Kaka Leo, shikamoo."

"Marahaba. Allen, ile besi ni ya nani?"

Allen alishusha sauti.

"Kaka, Beno alishindwa. Ule mvumo ulikuwa umeingia kila mahali. Akaniomba nije nipige kwa kinanda, mkono wa kushoto. Jioni moja tu."

"Nyimbo zote?"

"Zote."

"Mwenyekiti anajua?"

"Anajua. Kaka, hatukutaka kukuvunja moyo. Tuliona..." Allen alisita. "Tuliona hutajua."

Leodegar akasema haya, asante. Kilichomkaa kifuani siku nzima hakikuwa mvumo wala jioni moja ya Allen. Ni lile neno moja, hutajua. Wamekaa naye miaka kumi na moja na walidhani hatajua.

Alipofika nyumbani aliisikia kwaya kabla hajafungua mlango wa uani. Candida, aliyetumiwa nyimbo na mwanakwaya mmoja, alikuwa ameweka simu ndani ya bakuli ili sauti iwe kubwa, na amemwita jirani yao Mauza.

"Nyamaza, sikia chini," Candida alikuwa akisema. "Si hizo sauti. Chini yake. Dum, dum. Huyo ndiye mume wangu."

"Hongera, shemeji," Mauza alisema alipomwona. "Kumbe una mambo!"

"Asante," Leodegar akajibu.

Candida alikuwa anang'aa. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kumwona akisikiliza besi. Sasa alikuwa ameinamisha kichwa, anaifuata kwa kidole, na kidole chake hakikukosea. Leodegar akaingia ndani akavua viatu. Alijiambia atamweleza kesho. Kesho yake Candida akawatumia dada zake wa Songea nyimbo zile, akiandika kwamba anayepiga besi ni shemeji yenu. Hakumweleza.

Uzinduzi ulifanywa Jumapili mchana, ukumbini, baada ya misa. Mwenyekiti wa kwaya, Zakayo, alimshika bega mlangoni.

"Leo tunaimba huku nyimbo zilizorekodiwa zikipigwa, ili zisikike vizuri. Wewe simama palepale pako na gitaa lako. Watu wamezoea kukuona."

"Waya?"

"Wa nini tena?"

Wakavaa sare mpya, mashati ya bluu yenye ukosi mweupe. Leodegar akasimama kulia kwa kinanda, gitaa likiwa begani, tundu la waya likiwa wazi. Muziki ukaanza kutoka kwenye spika kubwa na akaanza kuchezesha vidole. Aliufuata mkono wa Allen kadiri alivyoweza. Ni kazi ngumu kuigiza noti za mtu mwingine, maana vidole vina mazoea yake. Katika wimbo wa pili na wa tatu alikosea mara nyingi, na hakuna kilichoharibika.

Wimbo wa sita ulipofika pale mahali, alipiga zake. Akashuka, akakaa, akapanda noti tano. Nyuzi zilitoa kisauti kidogo ambacho hata yeye hakukisikia. Spika zikakaa kwenye noti moja. Kiitikio kikaingia, waumini wakapiga vigelegele.

Hapo mikono ikamwishia nguvu. Hakupanga. Ilianguka tu, wa kushoto ukaachia shingo ya gitaa, wa kulia ukaning'inia pembeni ya mguu. Besi ikaendelea. Waimbaji wakayumba kushoto, wakayumba kulia, mgeni rasmi akapunga leso, na besi ikaendelea, nzito na safi, wimbo wa saba, wa nane, wa tisa. Alisimama pale kama kikapu kilichoning'inizwa msumarini. Hakuna aliyeona.

Candida aliona. Alikuwa safu ya tatu, anapiga makofi, na mara makofi yake yakapungua. Alitazama mikono ya mumewe. Akatazama spika. Akatazama tena mikono. Halafu akaketi wakati watu wote wamesimama.

Walitembea mpaka nyumbani. Uani Candida alivua kilemba akakaa kwenye kigoda.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu Alhamisi ile."

"Mimi nikamwita Mauza. Nikawaandikia kina dada." Akafunika uso kwa kiganja. "Kwa nini uliniacha niwaambie?"

"Ulikuwa unafurahi."

Candida aliondoa kiganja usoni. Kisha akasema, "Lilete. Nipigie yako ya kweli, niijue."

Leodegar alileta gitaa. Kwa kuwa hakukuwa na amplifaya, Candida alisogeza kigoda, akalaza sikio juu ya mbao. Redio ya jirani ilikuwa inatangaza mpira, lakini kwa sikio lililogusana na mbao sauti ilifika. Akapiga wimbo wa sita wote tangu mwanzo. Akashuka, akakaa, akapanda noti tano, taratibu kuliko alivyowahi kuzipiga. Alipomaliza akasubiri.

Candida aliinua kichwa.

"Nifungulie ile ya kwenye simu," alisema.

Akaisikiliza. Akamwomba apige tena. Akasikiliza ya simu tena. Macho yalikuwa yamemjaa machozi, na Leodegar aliona jinsi anavyojitahidi, paji lote limekunjana, kama mtu anayetafuta sindano gizani.

"Baba Skola," alisema mwishowe, "nisikudanganye. Sioni tofauti."

"Sawa."

"Nimejaribu. Haki ya Mungu nimejaribu."

"Najua, Mama Skola. Sawa."

Akalirudisha gitaa chini ya kitanda.

Jumatano ilikuwa siku ya mazoezi. Leodegar alitoka Kariakoo akaenda moja kwa moja nyumbani, akaweka simu mezani mbele yake. Saa ya mazoezi ikafika, ikapita. Simu haikulia. Jumatano iliyofuata haikulia. Kwenye kundi walikuwa wanaandikiana kama kawaida, nani alete maji, wimbo gani uimbwe Jumapili. Candida alisema labda wanaona aibu. Labda, Leodegar akajibu.

Wiki ya tano ujumbe ukaja kutoka kwa Zakayo. Alimsalimia vizuri, akauliza hali ya familia, akasema wamempata mwimbaji mpya wa sauti ya tatu, mtu wa umbo kama lake, na mashati ya bluu yamekwisha.

Leodegar alilifua shati mwenyewe. Alilianika kivulini ili ukosi usigeuke rangi, akalipiga pasi, akalikunja. Jumamosi alilipeleka. Zakayo alilipokea kwa mikono miwili, akamshukuru, akamwambia asipotee.