Nta Juu ya Maji

Siku mama alipofariki, nusu mkate ulibaki mezani, umefungwa kwa kitambaa chake cha nta ya nyuki. Msiba ukaisha siku ya nne, mkate haujaota ukungu. Binti yake, dobi, aliutafuna mkavu hivyo hivyo, akakikunja kitambaa na kukiweka pamoja na vingine vinne. Vyote mama alivipaka nta kwa pasi yake mwenyewe.

Wiki iliyofuata kaka yake alikuja na mkewe, mwanamke aliyejua kila kitu isipokuwa kuosha kikombe alichonywea. Alileta boksi lenye utepe. Ndani mlikuwa na vitambaa vya nta, vya dukani, vyenye maua.

"Wifi, siku hizi hatutumii mifuko ya plastiki. Tunatunza mazingira."

"Mama aliyatunza miaka ishirini."

"Kwa matambara yale?" Akachekea puani. "Yananuka vitunguu. Chagua, wifi. Vyote haviwezi kukaa jikoni."

Kaka akatazama dari. Tangu utotoni, likizuka neno, yeye hutafuta dari.

"Nimeshachagua," dobi akasema, akaenda kazini.

Aliporudi alasiri, sufuria ilikuwa bado ya moto jikoni. Wifi alikuwa amevichemsha vitambaa vyote vitano, eti kuua vijidudu, angalau vifae kufutia sakafu. Vilining'inia kwenye kamba, vimelegea kama soksi za mlevi. Nusu ya maji alikuwa ameshayamwaga kwenye sinki.

"Wifi, umesoma boksi lako?"

"Nani anasoma boksi?"

"Limeandikwa: osha kwa maji baridi."

"Basi haya si ya boksi hilo, ni matambara tu."

Asiyejua maana haambiwi maana. Dobi aliisogeza pembeni sufuria yenye maji yaliyobaki, akaifunika, akakaa kuilinda mpaka wageni walipokwenda kulala.

Asubuhi nta ilikuwa imeganda juu ya maji, duara la njano jembamba kama chapa ya kikombe. Akaiopoa, akaikausha, akaikwangua juu ya kitambaa kimoja, akakilaza kati ya karatasi mbili na kupitisha pasi taratibu, kama mama. Haikutosha cha pili. Nta iliyomwagwa pamoja na maji ilikuwa imeziba sinki, na kaka alishinda akilizibua, safari hii macho yake yakiwa chini.

Sasa mkate unafungwa kwa kitambaa hicho kimoja. Vile vya maua vinatumika kufutia meza.