Kiti Kimoja, Picha Nne

Kwi. Kwi. Kwi. Fundi aliusikia mlio huo kabla mlango wa stoo haujafunguliwa, na damu ikamchemka.

Mlango ulipofunguka, katibu wa klabu ya huduma alitokea akisukuma kiti cha magurudumu kilichofungwa utepe mwekundu.

"Fundi, kifute vumbi hiki. Saa nne kinakabidhiwa ukumbini."

Fundi akapiga goti. Chini ya kikanyagio cha kushoto palikuwa na mshono wa chuma, mistari midogo iliyolaliana kama miiba ya samaki. Aliuchomelea yeye mwenyewe, miaka miwili iliyopita, kikanyagio kilipolegea nyumbani kwao, na fundi wa vyuma huujua mshono wake kama anavyoujua mwandiko wake.

Kilikuwa kiti cha mama yake. Klabu ilimpa kwa vigelegele, ikampiga picha, kisha siku ya tano wakaja kukichukua eti kikafanyiwe matengenezo. Matengenezo gani, na fundi yumo humo humo ndani? Hakikurudi. Tangu hapo mama alikwenda zahanati mgongoni kwa mwanawe, uso kaufunika kwa kitambaa, asije akaonwa na watu aliosoma nao. Uzito wa mama haukumsumbua Fundi hata kidogo. Kile kitambaa ndicho kilichomkaa rohoni.

Basi akajiunga na klabu. Kwa wiki saba kabla ya asubuhi hiyo alizibua mitaro, akapaka rangi wodi ya watoto, akapanda miti kando ya barabara. Kila Jumamosi alifika wa kwanza, akaondoka wa mwisho. Mwenyekiti, ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Tabasamu kwa jinsi alivyopenda kamera, alimpigapiga begani: "Wangekuwepo kumi kama wewe, kijana!" Fundi akacheka naye. Moyoni alikuwa anapuliza makaa.

Kwenye ubao wa matangazo, juu ya orodha ya kazi za kujitolea, zilibandikwa picha nne za makabidhiano. Nyuso nne tofauti, ya mama ikiwa ya kwanza, kiti kimoja; na katika zile tatu zilizofuata, mshono ule ule. Mwenyewe aliomba apangiwe kazi ya kuwatembelea wagonjwa majumbani, akawafuata wote mmoja mmoja. Wote walikuwa wamenyang'anywa kwa maneno yale yale: matengenezo.

Saa nne ukumbi ulifurika. Mbele kabisa aliketi mpishi mstaafu wa shule, mwanamke mcheshi aliyekatwa mguu mmoja, magongo yake yamelala mapajani. Zamu ilikuwa yake.

"Na sasa," Bwana Tabasamu alinguruma kwenye kipaza sauti, "kijana wetu wa mfano atatuletea kiti!"

Fundi aliingia na kiti, na kitini kaketi mama yake, uso wazi. Nyuma yao ukafuata mkokoteni wa karakana, unavutwa na wachomeleaji wenzake wawili, waliopita kuwachukua wote majumbani asubuhi hiyo, na juu yake wamejipanga wale watatu wengine wa kwenye picha.

Tabasamu la Mwenyekiti likakauka. "Ndiyo nini hii?"

"Si umesema nilete kiti? Nimekileta na wenyewe."

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Ndugu zangu, tulieni. Kiti hiki ni cha mzunguko. Klabu ina utaratibu wake..."

"Wa kumkalisha mtu siku nne halafu mnamng'oa? Mama yangu alikuwa anajaribu viatu dukani?"

"Ala!" mpishi akadakia. "Kumbe mimi nimekuja kuazimwa kiti? Na nimeshona gauni!"

Kicheko kikapanda hadi kwenye mabati. Mpiga picha aliishusha kamera, hajui aelekee wapi. Bwana Tabasamu akakiziba kipaza sauti kwa kiganja, akamwinamia Fundi.

"Bwana mdogo, usinivunjie heshima. Mama yako abaki nacho, moja kwa moja. Hawa wengine tutajua tuwafanyeje. Yaishe."

Fundi akavishika vishikio vya kiti. Kiti ndicho kilichomleta, na kiti hicho hapo, amepewa. Akamgeukia mama.

"Unaniangalia mimi nina nini?" mama akasema. "Mimi sishuki. Ila ukikubali yaishe hapa, utanisukuma mwenyewe mbele ya hawa watatu, na mimi nitarudia kujifunika uso."

Mpishi akaweka magongo yake sawa. "Kaa, dada, kaa. Mimi nitasubiri changu. Lakini leo picha sipigwi."

Fundi akakitoa kipaza sauti mkononi mwa Mwenyekiti, kidole baada ya kidole. Hakupaza sauti.

"Mwenyekiti, ulidhani nitajitoa klabuni. Sijitoi. Nimejitolea, na nitaendelea kujitolea. Ukipanda mti, mimi nitashika ndoo. Ukifungua kisima, mimi nitakuwa ubavuni kwako na mkokoteni huu, na hawa juu yake, na huyu mpishi na magongo yake, mpaka kila mmoja awe na kiti asichonyang'anywa. Mvua ije, jua liwake. Nakuahidi mbele ya mama yangu: katika mji huu, hutapigwa tena picha ukiwa peke yako."