Kijiko cha Mwisho cha Mutaa

Mbegu za mutaa, ule mrihani wa dawa, zilikuwa zimebaki kijiko kimoja. Mke wangu, Mumbua, alizitoa kwa mama yake huko Kivaa tulipooana, na kwa miaka hamsini tumepanda na kuvuna nyingine. Akikohoa, huchemsha majani yake avute mvuke. Lakini kisima chetu kilikauka, na sasa tunanyunyizia maji ya kisima kirefu cha mashine, yenye chumvi hata sufuria hubaki na ukoko mweupe. Nilikuwa nimepanda mara mbili. Hakukuota kitu.

Linet, afisa wa kilimo, alinishauri niloweke mbegu kutwa katika maji ya mvua, nizikaushe kivulini, ndipo nipande. Mbegu iliyokwisha kuamka, alisema, haishindwi na chumvi upesi.

Nilichukua daftari. Nilianza kusoma nikiwa na miaka arobaini na mitatu, masomo ya jioni, na huko nilifunzwa kwamba jambo halijulikani mpaka ulilinganishe. Nikagawa kijiko mafungu mawili.

Mumbua alikuwa kitandani karibu na dirisha. Miguu imemkatalia tangu Januari.

"Baba Musili, hilo fungu lingine ni la nini?"

"Hilo halilowekwi. Tutalipanda hivyo hivyo, tuone tofauti."

"Si litakufa?"

"Pengine. Lakini tutakuwa na ushahidi."

"Kwani uko na kesi?" Akacheka, kikohozi kikamkatiza. Nilimshika mgongo mpaka kikatulia. "Mwalimu," akasema polepole, "hiyo nusu unataka kuua ni ya mama yangu."

Nilichofunzwa ni kweli, na bado nakiamini. Nilimimina mafungu yote katika bakuli moja.

Jioni mbegu zilikuwa zimevimba, zinateleza kama mayai ya chura. Mumbua alizitandaza mwenyewe juu ya kitambaa mapajani, akizitenganisha kwa ncha ya kidole, moja moja. Zilipokauka nilizipanda kwenye trei, nikanyunyizia maji yale yale ya chumvi.

Siku ya tisa ilitoka miche thelathini na mmoja. Nilibeba trei nikamwekea kitandani.

Linet alipotutembelea aliuliza kama ni kuloweka kulikosaidia.

"Sijui," nilisema. Sikuwa nimewahi kumjibu afisa hivyo. "Sikubakisha mbegu za kulinganisha."

"Mwandikie Baba Musili amepita mtihani," Mumbua akamwambia, bila kuinua macho kutoka kwenye miche.