Mjomba wa Zuwena

Wageni wa posa walipofika Rumonge, mtaa mzima ulikuwa umeshaahidi kunyamaza. Siku mbili kabla ya Idi, Mwamini alikuwa amepita nyumba kwa nyumba, akakaa kila baraza, akanywa kila kahawa aliyomiminiwa, na kila mahali akasema neno lile lile: "Jamani, mtoto wangu Zuwena anaolewa Ujiji. Wakiuliza habari za mjomba wake, alikufa kwa malale." Watu wakaitikia. Malale yalikuwa yameua wengi sana kando ya ziwa, na mtu mmoja juu yao nani angemtilia shaka?

Mjomba mwenyewe alikuwa Swedi, kaka yake Mwamini, na hakufa kwa malale. Alikuwa mpagazi wa misafara. Siku moja mzigo ukapotea, Wadachi wakamchapa viboko hamsa ishirini, na mgongo ulipopona akaingia porini na wenzake wanne. Kwa miaka miwili walikaa kwenye pango juu ya mto Murembwe, wakipora kila msafara uliopita njia ya ziwani: chumvi ya Uvinza, shanga, nguo za merikani, vibuyu vya mawese. Mwishowe akakamatwa, akapelekwa bomani, hakurudi. Hayo yalitokea mwaka mmoja kabla ya ile nyota yenye mkia, na sasa miaka minne ilikuwa imepita. Lakini Ujiji watu huchambua ukoo kama wanavyochambua mchele, na Mwamini hakutaka Zuwena aonekane chuya.

Aliyemtia hofu zaidi alikuwa jirani yake Esha. Esha hakuwa na kifua, hilo lilijulikana hadi Nyanza. Kwa hiyo Mwamini alimweka karibu naye muda wote, mkono mmoja kwenye sufuria na mmoja tayari kumfinya.

Siku mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Nyumba ilijaa mpaka watu wengine wakala uani. Kulikuwa na wali, samaki wa ziwani, sangala wa kukaanga na mikeke ya kuchoma, na wanawake waliokuja kusaidia kupika walikuwa wengi kuliko vitu vya kupikwa. Kichwa cha wageni alikuwa Bi Sharifa, shangazi yake Kassimu, kijana mwenye kuoa. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye macho yasiyo na haraka, na ilieleweka kwamba neno lake ndilo litakalorudi Ujiji. Aliuliza habari za babu, za bibi, kisha akauliza habari za mjomba.

"Malale, Bi Sharifa," alisema Mwamini.

"Maskini," wakasema wanawake wote kwa pamoja.

"Alivimba shingo," akaongeza Esha, na machozi ya kweli yakamtoka. "Akawa analala na tonge mdomoni!"

Mwamini akamfinya.

Siku ya tatu, baada ya kahawa, Bi Sharifa akasema anataka kwenda kuona pango.

"Pango gani?" aliuliza Mwamini.

"Pango lenu si moja? La yule haramia Swedi. Kwetu kila mtu akirudi kutoka huku anatusimulia amefika pale, amelala pale, sijui ameona nini pale. Na kaka yangu, baba yake Kassimu, alinyang'anywa mizigo saba ya chumvi kwenye njia ile. Nikirudi bila kupaona atanishangaa."

"Njia ni ya mawe, Bi Sharifa, na jua ni kali."

"Mimi nimestahimili mawimbi ya ziwa, mama. Nitashindwa na mawe?"

Asmani, mumewe Mwamini, fundi wa mitumbwi, aliinua uso kutoka kwenye ubao aliokuwa akiuranda, akamtazama mkewe, akauinamia tena. Kukataa kungekuwa ni kukiri.

Wakatoka basi: Bi Sharifa, Mwamini, Zuwena, Esha, na wanawake wengine sita wa mtaani, maana Rumonge chakula kikibebwa hakikosi wa kukisindikiza. Mwamini hakuwa amekanyaga njia ile tangu siku aliyokamatwa Swedi. Aliikuta pana kuliko alivyoiacha. Mtu alikuwa ameilima, akapanda migomba huku na huku, na mahali pa kuvukia mto akalaza gogo na kuweka kamba ya kushikia.

Mtu huyo aliitwa Barampama. Alishuka kutoka milimani baada ya Swedi kupelekwa bomani, akajenga kibanda mbele ya pango, na tangu hapo wapita njia wote walikuwa wake. Wafanyabiashara walikuja, askari wakaja na wake zao, hata Mzungu mmoja alikuja na sanduku lake la kupigia picha. Kila mmoja alilipa gao la chumvi, ujazo wa kiganja, na Barampama akamwonyesha.

"Amahoro, bamama!" alisema. "Karibuni kwa Swedi. Chumvi muweke pale. Kichwa kila mutu mupunguze, mulango iko chini."

Wakainama, wakaingia. Ndani palikuwa pamefagiliwa safi kuliko baraza nyingi za mjini. Dari ilikuwa nyeusi kwa masizi, na popo walining'inia upande wa giza. Barampama alikuwa na fimbo ya kuonyeshea.

"Hapa iko kitanda yake. Hapa iko mafiga. Damu ya watu iko pale, tazama, ile nyekundu."

"Si udongo ule?" aliuliza Esha.

"Udongo iliingia damu." Akaendelea bila kukata pumzi. "Huyu mutu alikuwa anakula maini. Maini ya watu! Anachoma kwa hii mafiga, anakula na chumvi ya kuiba. Askari wakija, anaingia mutoni, anakuwa mamba."

Wanawake wakapiga mayowe ya woga. Mwamini hata hakuona ubaya. Alimkumbuka kaka yake, mtu wa tumbo bovu, aliyeshindwa kula hata maini ya mbuzi wa Idi. Akajisemea, mwache mzee apate chumvi yake. Zuwena alimkaribia, akamshika mkono, na wote wawili wakatazama dari.

"Sasa kama alikuwa mamba," alisema Bi Sharifa, "walimkamataje?"

Barampama alingoja kidogo. Ilionekana hapa ndipo alipokuwa anapapenda.

"Mama, mamba haiwezi kukimbia nyumba yake. Dada yake ndiye alimuuza."

"Dada yake?"

"Dada ya tumbo moja. Iko anakaa kule chini, Rumonge. Alienda kwa askari, akasema, munipe merikani doti mbili, nitawaonyesha. Wakamupa. Akawaleta mpaka hapa unasimama wewe. Swedi akamuona, akasema, dada, hata wewe? Ile nguo anaivaa mpaka leo, siku za sikukuu."

"Astaghfirullah," alisema Bi Sharifa. "Kwa nguo!"

Mwamini aliwageukia wenzake. Alitegemea kuona mtu amekasirika, au japo amecheka. Esha alikuwa anatazama miguu yake. Mwanvua, mke wa mshona nguo, alikuwa akilifungua na kulifunga upya furushi la chakula ambalo halikuwa na tatizo lolote. Hakuna hata mmoja aliyeshtuka. Ndipo alipojua kwamba hadithi ile walikuwa nayo siku zote. Walikuwa nayo walipokuja kumpa pole, walipokaa kwenye mkeka wake, walipoazima kinu chake, walipokula wali wake juzi na jana.

"Si kweli," alisema.

"Mama, mimi iko nasema vile niliambiwa."

"Uliambiwa uongo."

"Mama, twende nje," alisema Zuwena kwa sauti ya chini, akimvuta. "Tafadhali. Twende."

Mwamini alimtazama mtoto wake. Alijua anachomwomba na alijua kitakachoharibika. Neno moja tu la kumeza, kama alivyomeza yale ya maini, na jioni wageni wangekula, wangeaga, na posa ingekuwa imepita. Hili halikumezeka.

"Hakuuzwa," alisema. "Mimi ndiye dada yake."

Popo mmoja aliruka, akatoka nje.

"Alikuwa mwizi, sikatai," aliendelea. "Chumvi ya kaka yako aliichukua, Bi Sharifa, na mimi niliila, sikuuliza imetoka wapi. Lakini ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na Swedi alikuwa anafunga. Huku huku pangoni. Nikaletewa habari kwamba anafuturu maji ya mto na ndizi mbichi. Nikasema, potelea mbali. Nikapika uji wa mtama, nikachemsha magimbi, nikayaunga na ndagala kwa mawese, nikatia kwenye chungu, nikapanda nacho. Kesho yake tena. Kila siku nikiswali alasiri naondoka, njia ile ile, chungu kichwani kinatoa moshi. Sina shamba kule juu, sina mtu kule juu, kila mtu anajua. Siku ishirini! Sikufikiri kitu kingine ila kwamba uji usipoe. Siku ya ishirini na moja nikasikia mawe yanaporomoka nyuma yangu, nikadhani mbuzi. Walikuwa askari sita. Wakasubiri nje mpaka Swedi alipopeleka kata ya uji mdomoni. Hawakunipa merikani. Chungu walikivunja, na magimbi waliyala wao."

"Mbona hukutuambia?" aliuliza Esha.

"Mliniuliza?"

Bi Sharifa alitoka nje, taratibu, akakaa juu ya gogo lililowekwa kwa ajili ya wageni. Wote wakamfuata, na Barampama wa mwisho, akiwa na wasiwasi juu ya chumvi yake.

"Kwa hiyo malale hakuna," alisema Bi Sharifa.

"Hakuna."

"Na huyu aliyelia juzi?"

"Mimi nilikuwa nasaidia tu," alisema Esha.

Zuwena alikuwa amejifunika kanga mpaka machoni. Mwamini aliona wenzake wanangoja aombe radhi, naye angeomba, kwa ule uongo wa malale. Lakini kulikuwa na jambo la kwanza. Alimgeukia Barampama.

"Mzee, sema upya. Pale pa dada."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, na sisi tunasikia."

Barampama alijikuna kidevu. "Mama, bila merikani hadithi iko fupi."

"Weka futari."

Akajaribu. Akasema dada alileta chakula. Mwamini akamwambia ataje uji na magimbi. Akavitaja, akavipenda, akaongeza kuku. Mwamini akamtoa kuku. Akasema askari arobaini.

"Walikuwa sita."

"Mama, mutu atoke Ujiji, alipe chumvi, nimuambie sita?"

"Sita."

"Ishirini."

"Mwachie kumi," alisema Bi Sharifa kutoka kwenye gogo. "Kumi si mbaya."

Basi wakawa kumi. Aliposimulia mara ya tatu bila kukosea, Mwamini alikaa chini. Akamwomba Bi Sharifa radhi kwa ajili ya malale, kwa maneno machache, na Bi Sharifa akaitikia kwa kichwa bila kusema amesamehe au hajasamehe. Chakula kikafunguliwa. Mgeni alinawa, akala, na kwa namna alivyokula hakuna aliyeweza kusoma kitu.

Wakati wa kushuka, Esha alijisogeza karibu na Mwamini.

"Mama Zuwena, nisamehe. Miaka minne nakula kwako nikiamini yale."

"Na bado ulikuwa unakula."

"Chakula chako kitamu, sikufichi."

Mwamini alitaka kukasirika, akashindwa. Akampa furushi alibebe.

Penye gogo la kuvukia, Bi Sharifa aliwatanguliza wengine, akabaki na Mwamini wakiwa wawili tu.

"Kaka yangu atafoka," alisema. "Mizigo saba si mchezo, na kila mwaka ikifika siku ile anaitaja. Ndiye baba wa Kassimu. Mimi nimemkubali mtoto wako tangu siku ya kwanza, lakini siwezi kumjibia kaka yangu."

"Najua."

"Ningekuwa nimefichwa mpaka harusini, nikaja kuambiwa na mabaharia, ningeirudisha posa mimi mwenyewe. Sasa nimesikia kwako. Nitamwambia."

Mwamini aliwatazama walio ng'ambo. Zuwena alikuwa ameishusha kanga, anawatazama wao.

"Usimwambie wewe," alisema Mwamini. "Chumvi yake ni mimi niliyeila. Mashua yenu inaondoka lini?"

"Kesho kutwa."

"Basi nakwenda nanyi. Nitakaa naye mwenyewe. Akimkataa mtoto wangu, amkatae akijua ni wa nani."

Bi Sharifa alimpima kwa macho yake yale yasiyo na haraka. Kisha akashika kamba, akaweka mguu juu ya gogo.

"Chukua nguo za kutosha siku nyingi," alisema. "Kaka yangu siku ya kwanza huwa hasikii neno la mtu."